Kotapini Tatu za Bi Mdogo

"Nimesema mtoto hapandi," alisema Matroni, akabamiza kifuniko juu ya sufuria kana kwamba ndicho kilichombishia. "Nilisema jana, nimesema asubuhi, nasema tena. Hapandi!"

"Na mimi nimesema anapanda," binti yake akajibu. "Mtoto ni wangu, gari ni la baba. Wewe hapo unaingiaje?"

"Naingia hapa hapa jikoni, ninapokupikia wewe na huyo mtoto wako."

"Mama, usianze mambo ya chakula."

"Basi na wewe usianze mambo ya 'mtoto wangu'. Mtoto wako alipokuwa na homa ya usiku kucha, nani alimbeba?"

Ugomvi ulikuwa umelala na kuamka nao, na sasa ulikuwa umeshavuka mipaka ya adabu. Binti alikuwa amekuja likizo na mwanawe wa kike, mtoto wa miaka mitano ambaye babu yake alimwita Bosi, na kesho walikuwa wanarudi kwao, ng'ambo ya daraja. Baba alikuwa ameahidi kuwapeleka mwenyewe, kwa gari lake. Bosi alikuwa ameshaaga mtaa mzima kwa ahadi hiyo. Matroni peke yake ndiye aliyekuwa amesimama katikati ya njia kama jiwe.

Gari lenyewe mtaani liliitwa Bi Mdogo, ijapokuwa lilikuwa na umri mkubwa kuliko mtu yeyote pale. Lilitengenezwa kabla ya vita kuu ya pili. Lilikuwa dogo, la watu wanne ikiwa wawili kati yao ni watoto, lenye kiunzi cha mbao ndani ya bati na magurudumu membamba ya spoki, kama ya pikipiki. Mzee alilikuta zamani kwenye banda la kuku, enzi zake za kupima ardhi, akalinunua pamoja na kuku wawili waliokataa kutoka. Tangu hapo alilifunika usiku na kulifuta asubuhi, akalinunulia vitu ambavyo mkewe hakuwahi kununuliwa. Watu wakaona hakuna jina jingine linalolifaa. Matroni alikuwa akicheka nao. "Mke mwenza asiyejibu matusi," aliwaambia, "nitampata wapi mwingine?"

Lakini siku hizi hakucheka. Tangu jana, kila Bi Mdogo alipokata kona kuingia getini, Matroni alisikia mgongano mdogo kwenye magurudumu ya mbele: ko. Mara moja tu, halafu kimya. Alipomwuliza mumewe, mumewe alisema amefungua sehemu yote ya mbele ili kutibu usukani uliokuwa unatetemeka, ameirudisha, na mgongano huo ni grisi mpya inatafuta mahali pake.

Tangu lini grisi ikagonga?

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo Matroni hakumwambia binti yake wala mtu yeyote. Mumewe alikuwa amemwuliza swali lile lile mara mbili wakati wa chai, na mara ya pili alicheka palepale alipocheka mara ya kwanza. Juzi alimkuta amesimama mlangoni pa banda na spana mkononi, akiitazama spana hiyo kama mtu aliyekabidhiwa mtoto wa jirani. Alipomwona mkewe akasema, "Nakuja, nakuja," na hakuna aliyekuwa amemwita.

"Mama, wewe unaogopa tu," binti alisema, sasa kwa sauti ya chini kidogo. "Baba kashika hilo gari tangu sijazaliwa. Na kazi imekwisha. Jana si alikuja hapa akaongea mpaka chakula kikapoa? Baba akiongea, kazi imekwisha. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha."

Hilo lilikuwa kweli.

Nyumba hiyo ilikuwa na kanuni yake. Nati za usukani na za breki za Bi Mdogo zilikuwa za namna ya zamani, zenye meno juu kama taji. Ukishakaza nati unapitisha kotapini, kipini cha chuma laini chenye miguu miwili, katikati ya meno hayo na kwenye tundu la bolti, kisha unaikunja miguu. Hapo nati haitikisiki hata gari lirukeruke vipi. Bila kotapini, nati hujifungua yenyewe, kidogo kidogo, kila gurudumu linapopiga shimo. Mzee alikuwa na njia yake ya kuhakikisha hasahau hata moja. Kotapini zote za kazi alizibana midomoni. Maadamu kuna nati haijafungwa, kuna pini mdomoni, na maadamu kuna pini mdomoni, hawezi kusema. Watoto walikua wakijua hivyo: ukimsemesha baba bandani akakuitikia kwa "mm", rudi baadaye. Ukimsikia anaimba, kimbia ukapande.

Nje, hendeli ya kuwashia injini ilizungushwa, chuma kikakohoa, mara ya pili kikakubali. Injini ya Bi Mdogo ikaanza kunung'unika.

Matroni akageuka. "Anakwenda wapi?"

"Kujaza mafuta tu, hapo chini. Kwa ajili ya kesho."

"Na mtoto yuko wapi?"

Binti akawa anafuta meza iliyokwisha kufutwa.

Matroni alifika dirishani akawahi kuona kisogo cha Bi Mdogo kikitoka getini, na mkono mdogo umetokeza dirishani ukipunga. Gari likakata kona. Ko.

"Umeniweka hapa tunagombana," alisema taratibu, "huku umeshampakia."

"Ni hapo chini tu, mama."

"Hapo chini ndipo malori ya magogo yanapopita."

Mtu akishafanya jambo nyuma ya mgongo wako, kelele za nini? Akachukua ovaroli ya mumewe iliyokuwa imetupwa juu ya kiti, akaenda nayo kwenye beseni, maana mikono yake haikujua kukaa bure. Miaka mingi ya kulea wasichana bwenini ilikuwa imemzoesha kutia mkono mfukoni kabla nguo haijaingia majini. Mfukoni mwa kifua aligusa leso. Ndani ya leso kulikuwa na kitu chembamba, kigumu.

Akaifungua. Kotapini tatu. Mpya, zinang'aa, miguu yake imenyooka.

Alizitazama kwa muda uliotosha maji ya bomba kujaza beseni na kuanza kumwagika miguuni pake.

"Njoo," aliita. "Njoo hapa."

Binti alikuja na kitambaa chake. Akaziona. "Labda ni za ziada."

"Baba yako ananunua pini kama mtu anavyonunua dawa ya vidonge. Zinazotakiwa, basi. Na hizi hazijawahi kukunjwa."

"Lakini aliongea, mama! Jana aliingia hapa akaongea, akacheka..."

"Meno," Matroni alisema.

"Meno gani?"

"Ya bandia. Aliyowekewa hivi karibuni."

Yeye mwenyewe ndiye aliyemburuta kwa daktari wa meno, akakaa naye mpaka yakaenea. Tangu siku hiyo mume wake hakutia kitu kigumu mdomoni. Hata ganda la mkate alilichovya kwenye chai. Pini za chuma angezibanaje? Alikuwa amezihamishia mfukoni, na hakumwambia mtu, labda hakuona kama ni jambo la kumwambia mtu. Akaendelea kufanya kazi huku anaongea, anaimba, na nyumba nzima ikamsikia ikasema, ahaa, kazi imekwisha.

Binti alikuwa ameshatoa simu. Wakasikia simu ya mzee ikiita chumbani, juu ya kitanda, mpaka ikakata.

Walitoka bila kufunga mlango.

Barabara ya kushukia kituo cha mafuta ilikuwa na mteremko unaomfanya mtu mzima ajishike kiuno. Upande mmoja ukuta wa kiwanda cha mbao, upande wa pili mtaro wenye kina kupita kimo cha mtoto. Kabla ya kufika chini kulikuwa na kona moja tu, lakini kali, na mbele yake njia panda. Matroni hakuwa amekimbia tangu alipostaafu. Kandambili moja ilimtoka, akaiacha. Alikuwa anaangalia chini, si mbele. Aliangalia lami, ukingo wa mtaro, chokaa ya ukuta, akitafuta mahali palipokwaruzwa upya. Kila shimo aliloliruka alilihesabu kama pigo kwenye nati isiyo na pini. Hapa imelegea kidogo. Hapa kidogo tena.

Kabla ya kona waliona watu. Wanaume wanne wameinama ukingoni mwa mtaro, mmoja amepiga magoti na kunyoosha mkono ndani, mwingine anasema, "Polepole, polepole, usivute."

Matroni alisimama hapo hapo. Binti yake alimpita akikimbia, akafika, akatazama ndani ya mtaro, kisha akajishika magoti kwa mikono yote miwili.

"Bomba," alimgeukia mama yake, analia. "Wanatengeneza bomba la maji."

"Mmeona gari dogo?" Matroni aliuliza alipowafikia. "La zamani."

"Bi Mdogo? Kashuka sasa hivi," alisema aliyepiga magoti. "Mtoto ametupungia mkono. Vipi, mama, mwenzio kakutorokea na mume?" Wakacheka wote. Kisha wakamtazama usoni, na miguuni, mguu mmoja una kandambili na mwingine hauna, wakaacha kucheka.

Kona. Ukuta wake ulikuwa mzima. Na ng'ambo ya kona, chini, kituo cha mafuta, na kando ya pampu kitu kidogo cha kijani kibichi kama mdudu, kimesimama kwa magurudumu yote manne.

Matroni alitegemea kwamba moyo utatulia. Haukutulia. Maana gari lilikuwa zima, lakini Bosi alikuwa amesimama kwenye kiti cha dereva, ameshika usukani kwa mikono miwili, anauzungusha kulia, kushoto, kulia, huku anapiga honi ya mdomo. Na chini ya bati, kila alipozungusha: ko. Ko. Ko.

Mzee alikuwa anapima mafuta kwa kijiti chake, kama kawaida, huku wauza mafuta wawili wakimtania. "Mzee, hii inakunywa petroli au uji?"

"Hii ukiinusisha tu kitambaa cha petroli inafika daraja—" alikuwa anasema, ndipo mkewe akapita mbele yake kama upepo, akafungua mlango, akamng'oa mtoto kwenye usukani.

"Bibi! Mimi ndiye dereva!"

"Umefika, dereva. Shuka."

"Matroni," mzee alisema, akitabasamu kwa ajili ya watu. "Una nini? Unanidhalilisha mbele ya watu."

"Dhalilika ukiwa hai." Akafungua kiganja. "Hizi ni za wapi?"

Alizitazama zile kotapini. Tabasamu likabaki usoni, lakini halikuwa na mwenyewe tena.

"Za zamani hizo. Nilizitoa nikaweka mpya."

"Za zamani zina miguu iliyonyooka namna hii?"

"Basi ni za ziada."

"Ingia chini uangalie."

"Sasa hivi? Hapa?"

"Hapa hapa. Au niingie mimi."

Alitandika gunia alilolibeba daima nyuma ya kiti, akalala chali, akajisukuma chini ya boneti. Matroni aliona miguu yake tu, na viatu alivyompigia rangi yeye mwenyewe asubuhi. Wauza mafuta bado walikuwa wananong'ona na kucheka. Kisha miguu ile, iliyokuwa ikisogeasogea kutafuta mahali, ikatulia. Ikakaa imetulia hivyo. Matroni akajikuta amemkumbatia mtoto kwa nguvu mpaka mtoto akalalamika.

Mzee alitoka taratibu. Katika kiganja chake cheusi kwa grisi kulikuwa na nati yenye meno kama taji.

"Imekuja kwa vidole viwili," alisema. Hakumwambia mtu maalumu. "Ilikuwa imebakiza nyuzi chache kwenye bolti. Ni ya mkono wa usukani."

"Ungekatika?" binti yake aliuliza.

"Ungeachia. Unakata kushoto, gari linakwenda linakotaka."

Muuza mafuta mmoja aliiangalia kona ya barabara kule juu, ukuta na mtaro wake, kisha akavua kofia bila kujua kwa nini.

Halafu mzee akajipangusa mikono, akakohoa, akarudi kuwa baba mwenye gari. "Haya. Makosa hutokea. Nipe pini." Akaingia tena chini, akakaza nati kwa spana, akapitisha kotapini, akaikunja miguu kwa koleo. Alipotoka alikuwa karibu anaimba. "Imekwisha. Pandeni twende nyumbani."

"Zimebaki mbili," Matroni alisema.

"Ni za akiba."

"Umenunua pini za akiba lini maishani mwako?"

Akafungua mdomo, akaufunga. "Moja ni ya breki," alisema. "Hapana. Breki niliimaliza... Ngoja. Moja ni ya huku kulia." Akainama kulia, akagusa gurudumu, akainuka. "Ngoja kwanza." Akazunguka mbele, akaweka mkono juu ya boneti kama anayempima mtoto homa. Akarudi kushoto alikotoka. Matroni alimfuata kwa macho. Alikuwa ameolewa na mtu huyu anayejua kila kijiti cha gari hili hata gizani, na sasa alikuwa anamwona akilizunguka kama mgeni anayetafuta mlango wa nyumba. Matroni alitamani mumewe apige kelele, amtukane, amwambie akome. Mzee hakupiga kelele. Alimsogelea karibu, akainamisha kichwa ili watu wasisikie.

"Mke wangu," alisema, "kwani nilifungua nini?"

Hofu ambayo Matroni alikuja nayo mbio kutoka nyumbani ilikuwa na mwisho: kufika, kumshika mtoto. Hii nyingine ilikuwa ndiyo kwanza inaanza, na haikuwa na mteremko wala kituo cha mafuta mbele yake.

"Sijui," alimjibu, maana hakuwahi kumdanganya. "Na wewe hujui."

"Nitakumbuka. Nilipandishe polepole, peke yangu, nikifika nyumbani nitakumbuka."

"Peke yako ndiyo nini? Wewe si mtu?"

"Basi livutwe kwa kamba."

"Likivutwa, usukani anashika nani? Na breki?"

"Mama, tuite fundi," binti alisema.

"Fundi ataitwa kesho. Ataangalia nati zote, moja moja, na baba yako atakaa hapo kwenye kiti. Leo hili gari haliendi popote, na najua mtu wangu. Nikigeuza kisogo tu, atakuwa ameshapiga hendeli." Akamkabidhi binti yake mtoto. "Vijana! Tusaidieni kulisukuma mpaka pale ukutani. Taratibu. Usukani usiguswe na mtu."

Walisukuma. Halikuwa zito. Lilipokaa sawa, Matroni alifunga khanga kiunoni, akaenda nyuma ya kiti, akatoa jeki na spana ya magurudumu. Mumewe alimtazama kama hamwamini.

"Unajua kuitumia hiyo?"

"Nimekushikia taa miaka yote hiyo. Ulidhani nilikuwa nimefumba macho?"

Aliweka jeki chini ya ekseli ya mbele, akasukuma matofali mawili nyuma ya magurudumu ya nyuma, akalegeza nati za gurudumu la kushoto kabla ya kulinyanyua, kama alivyokuwa akimwona mumewe akifanya. Nati ya mwisho ilikuwa ngumu. Akasimama juu ya spana kwa mguu wake wenye kandambili, na ikalia, ikakubali. Akapandisha jeki. Gurudumu likaning'inia, likazunguka lenyewe kidogo, akalivuta, likatoka. Alichomeka gogo chini ya ekseli, akashusha jeki. Bi Mdogo akainama upande mmoja kama mtu aliyepiga goti.

"Nakwenda na gurudumu hili nyumbani," Matroni alisema, anahema. "Litalala chumbani kwangu. Ukitaka kuendesha, utanipitia mimi."

Alitegemea ugomvi. Alikuwa tayari kwa ugomvi, ugomvi angeuweza. Mzee alisimama akipangusa grisi kwenye vidole, kimoja kimoja, ijapokuwa ilikuwa imeshatoka. Akaangalia mlima wa barabara, akamwangalia Bosi, ambaye alikuwa amelala begani kwa mama yake na kidole mdomoni.

"Chukua na la kulia," alisema.

"Nini?"

"Chukua na la kulia, mama. Moja hilo mpaka kesho nitakuwa nimeshaazima lingine mahali. Najijua." Akalitazama gurudumu lililotolewa. "Sijijui. Lakini hilo najua."

Matroni aliokota spana, akazunguka upande wa kulia, akapiga magoti kwenye mafuta na vumbi. Safari hii mumewe naye alipiga magoti kando yake, akazipokea nati moja moja zilipotoka, akazitia zote mkononi mwa mkewe.

Magurudumu yale membamba hata mtoto angeweza kuyasukuma. Binti alishika moja kwa mkono ulio huru, Matroni akashika la pili, wakaingia barabarani, wakaanza kupanda. Mzee alifuata nyuma. Matroni hakugeuka. Alisikiliza hatua za mumewe kwenye lami, na kila ziliposita, naye alisimama, akalizuia gurudumu kwa goti, akangoja mpaka azisikie tena.